Seli ya neva inaporudi kwenye mzunguko wa kugawanyika

Chukua kipande chembamba cha hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulikia kumbukumbu, kutoka kwa marehemu aliyekuwa na ugonjwa wa Alzheimer. Kitie alama ya kung'aa inayoshika sehemu moja tu ya kromosomu ya 21, kisha kitazame kwa hadubini. Kiini cha seli ya kawaida kitaonyesha nukta mbili: moja ya kromosomu iliyotoka kwa mama, nyingine ya baba. Ukiendelea kuhesabu, utakutana na seli za neva zenye nukta tatu, au nne. Si nyingi, lakini ni nyingi kuliko zinazoweza kuelezwa kwa makosa ya kuhesabu. Seli hizo zimenakili DNA yake, nyingine nusu, nyingine yote. Mwaka 2001 Yan Yang, David Geldmacher na Karl Herrup walipochapisha matokeo ya namna hii, jambo lililokuwa likishukiwa kwa miaka kadhaa lilipata ushahidi wa kuonekana kwa macho.

Uzito wa jambo hilo unatokana na ukweli kwamba seli ya neva iliyokomaa haigawanyiki. Uthibitisho mzuri ulitoka mahali ambapo mtu hangeutafuta. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalipandisha kiwango cha kaboni-14 hewani, na kaboni hiyo huingia kwenye DNA wakati seli inapozaliwa, ikabaki humo. Kundi la Jonas Frisén wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, lilipima kaboni hiyo kwenye seli za neva za gamba la ubongo na kukuta zina umri sawa na mwenye ubongo. Seli hizo hazikuwahi kubadilishwa. Kwa hiyo ukikuta moja imenakili DNA yake mtu akiwa na miaka 75, kuna jambo limeiondoa kwenye utulivu wa miongo saba.

Kauli iliyozoeleka ni kwamba seli ya neva ikijaribu kugawanyika, hufa. Ina ukweli ndani yake, ila imekatwa fupi mno, na ufupi huo umepotosha tafiti nyingi. Kuna seli za neva zinazoingia kwenye mzunguko na kupona kwa sababu zimeingia. Kuna zinazokaa na DNA maradufu maisha yote bila shida. Na kuna zinazokufa ndani ya siku mbili. Linalotenganisha makundi haya ni hatua ambayo seli imefika, lango ambalo limekwama, na pigo lingine linaloikuta ikiwa hapo.

Malango yanavyofunguliwa

Mzunguko wa seli una hatua nne. Katika G1 seli hukua na kupima kama mazingira yanaruhusu. Katika S hunakili DNA yote. Katika G2 hukagua nakala, na katika M hugawanyika. Seli ya binadamu inayogawanyika haraka maabara humaliza safari nzima kwa takriban saa 24: G1 huchukua kama saa 11, S saa 8, G2 saa 4, na M saa 1 tu. Seli iliyojitoa kwenye safari hii husemwa iko G0.

Vinavyoisukuma seli mbele ni vimeng'enya viitwavyo CDK. Kazi yake ni kubandika fosfati kwenye protini nyingine, na fosfati hiyo hubadilisha tabia ya protini iliyobandikwa. CDK ikiwa peke yake haina nguvu. Hadi ishikane na mwenzake, saiklini. Saiklini hutengenezwa na kuharibiwa kwa zamu, na ndiyo maana malango hufunguka kwa mpangilio. Tim Hunt aliliona hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwenye mayai ya kiumbe wa baharini mwenye miiba, na mwaka 2001 alipata tuzo ya Nobel pamoja na Leland Hartwell na Paul Nurse.

Lango linalotuhusu zaidi ni la kutoka G1 kwenda S. Analilinda protini Rb, ambayo imeikumbatia protini nyingine, E2F, na kuizuia isifanye kazi. Saiklini D ikishikana na CDK4 au CDK6, huanza kubandika fosfati kwenye Rb. Saiklini E na CDK2 humalizia. Rb ikishalemewa na fosfati huiachia E2F, nayo E2F huwasha jeni za vimeng'enya vya kunakili DNA. Baadaye saiklini A na CDK2 husimamia unakili wenyewe, na mwishoni saiklini B na CDK1 huamuru mgawanyiko. Breki nazo zipo: protini p16 huzikaba CDK4 na CDK6, wakati p21 na p27 hukaba zaidi CDK2.

Utulivu unaolindwa kila saa

Ni rahisi kudhani kwamba seli ya neva imetupa mashine hii baada ya kukomaa. Haijaitupa. Jeni zote zipo, na baadhi ya protini zake zimepewa kazi nyingine za kila siku. G0 ya seli ya neva inafanana na mlango unaosukumwa kutoka nje huku mtu wa ndani akiushikilia kwa mikono miwili, saa 24, kwa miaka yote ya maisha.

Mmoja wa washikiliaji hao anastahili maelezo marefu, kwa sababu anaonyesha kwa nini kushindwa kwake huua. Anaitwa Cdh1. Hufanya kazi ndani ya mashine kubwa iitwayo APC/C, ambayo hutia alama protini zinazotakiwa kuharibiwa. Katika seli ya neva, Cdh1 huhakikisha saiklini B1 inaharibiwa mara tu inapotengenezwa. Kundi la Juan Bolaños huko Salamanca, Hispania, lilionyesha mwaka 2005 kwamba ukiiondoa Cdh1, saiklini B1 hulimbikizana na seli hufa.

Mwaka 2009 kundi hilohilo liliongeza sehemu ya pili. Cdh1 huharibu pia kimeng'enya PFKFB3, kinachoharakisha uchomaji wa glukosi. Kwa nini seli ya neva izuie uchomaji wa glukosi wakati ina njaa ya nishati kuliko karibu seli nyingine yoyote? Kwa sababu inaihitaji glukosi hiyo kwenye njia nyingine, ile ya pentosi, inayotengeneza NADPH. NADPH ndiyo inayorudisha glutathioni kwenye hali ya kufanya kazi, na glutathioni ndiyo inayozima kemikali kali za oksijeni. Cdh1 ikishindwa, PFKFB3 hubaki, glukosi huhamia kwenye uchomaji, NADPH hupungua na seli huungua kwa oksijeni yake yenyewe. Lango la mzunguko na kinga dhidi ya oksijeni vimefungwa kwa kamba moja. Ukikata kimoja umekata vyote viwili.

Walinzi wengine tuwataje kwa haraka. E2F4 ikishikana na p130, ndugu wa Rb, huzima jeni za kifo na za mgawanyiko kwa pamoja. HDAC1 hubana DNA ili jeni hizo zisisomeke. Na kuna Cdk5, ambayo jina lake limewachanganya wengi: ni ya ukoo wa CDK, lakini katika seli ya neva haisukumi mzunguko. Ikiwa kwenye kiini, imeshikana na protini mwenzake, p35, huizuia E2F1, mmoja wa ukoo wa E2F. Tatizo huanza p35 inapokatwa.

Nani anasukuma mlango

Njia iliyochunguzwa kwa undani zaidi ni kunyimwa chakula cha ukuaji. Seli za neva za simpathetiki, zinazoendesha viungo bila hiari yetu, kutoka kwa watoto wachanga wa panya huoteshwa kwenye chombo chenye protini NGF. NGF ikiondolewa, huanza saa ya kuhesabu. Katika kazi ya Robert Freeman, Steven Estus na Eugene Johnson ya mwaka 1994, saiklini D1 ilipanda kati ya saa 15 na 20 baada ya NGF kuondolewa, muda uleule ambao seli hizo huvuka mstari wa kufa. Ukirudisha NGF kabla ya hapo, nyingi hupona. Ukichelewa, kwenye saa ya 48 chombo kimejaa mabaki. Miaka miwili baadaye David Park, Lloyd Greene na wenzao walionyesha kwamba dawa zinazozuia CDK, kama flavopiridoli, huziacha seli hizo hai hata bila NGF. Hapo ndipo uhusiano ulipoacha kuwa wa kuandamana tu: ukiziba mzunguko, kifo nacho huzuilika.

Njia ya pili ni kalisi. Kiharusi kinapokata damu, glutamati, kemikali ambayo seli za neva hupashana habari kwayo, humwagika kupita kiasi, vipokezi vyake viitwavyo NMDA hubaki wazi na kalisi hufurika ndani. Kalisi huamsha kimeng'enya kalpaini, nacho hukata p35 na kuacha kipande kifupi, p25. Cdk5 iliyoshikana na p25 hupoteza adabu: huacha mahali pake, hufanya kazi mfululizo na kubandika fosfati kwenye protini isizopaswa kuzigusa. Moja ni Cdh1, ambayo kwa fosfati hiyo huachana na APC/C. Cdk5 hiyo huizima pia HDAC1, kama kundi la Li-Huei Tsai lilivyoonyesha mwaka 2008: HDAC1 ikizimwa, DNA hukatika na jeni za mzunguko huamka pamoja.

Ya tatu ni kukatika kwa DNA, na hapa ndipo kauli iliyozoeleka inapovunjika. Inna Kruman na wenzake waliripoti mwaka 2004 kwamba seli za gamba la ubongo zikikatwa DNA kwa kemikali, huingia kwenye mzunguko kabla ya kufa, na kwamba kimeng'enya ATM, kile kinachokosekana kwa wagonjwa wa ataksia-telangiektasia, ni sehemu ya njia hiyo. Kazi zilizofuata kutoka kundi hilo zilionyesha upande wa pili: hatua ya kwanza tu, kutoka G0 kuingia G1, inahitajika ili seli iunganishe ncha za DNA zilizokatika. Ukiizuia seli isitoke G0, haijirekebishi. Kwa hiyo G1 inaweza kuwa karakana. Balaa huja seli inapotoka karakana na kuingia S.

Njia ya nne ni amiloidi na tau, protini mbili zinazorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, ambayo tutaifikia.

Kwa nini isigawanyike tu

Swali hili huulizwa kila mara na ni la haki. Kama mashine ipo na imewashwa, kwa nini seli ya neva isimalize safari na kuwa seli mbili?

Kwanza, umbo. Ili igawanyike, seli hulazimika kubomoa mtandao wa neli zake, mikrotubuli, na kuzijenga upya kama kamba za kuvuta kromosomu pande mbili. Seli ya neva hutumia mikrotubuli hizohizo kama reli za kusafirishia mizigo hadi mwisho wa aksoni, ambayo kwa neva inayotoka uti wa mgongo hadi mguuni hufika takriban mita moja. Sentrosomu, kituo ambacho kamba za kuvutia huanzia, imepoteza kazi hiyo wakati wa kukomaa.

Pili, malighafi. DNA ya binadamu ina jozi za herufi takriban bilioni 6.4 katika kila seli, na kila jozi inahitaji matofali mawili mapya ya nyukleotidi. Seli iliyotulia ina akiba ndogo sana ya matofali hayo, kwa sababu kimeng'enya kinachoyatengeneza kimepunguzwa. Unakili ukianza bila akiba hukwama katikati, na sehemu iliyokwama huvunjika kirahisi. Agata Copani na wenzake huko Catania, Italia, walikuta pia kwamba katika seli za neva zilizowekewa amiloidi, polimerasi beta hujiunga na unakili. Hiki ni kimeng'enya cha kuziba viraka vifupi, na hakina uwezo wa kurudi nyuma kusahihisha kosa.

Tatu, na hili ndilo linaloua moja kwa moja, malango ya mzunguko na swichi za kifo vinashirikiana waya. E2F4 na p130 zikiachana, jeni zilizokuwa zimezimwa huamka, zikiwemo B-myb na C-myb. Hizi huwasha jeni ya Bim. Bim huifungulia njia Bax, Bax hutoboa ganda la mitokondria, saitokromu c huvuja, kaspasi-9, kimeng'enya cha kukata protini, huamka na kuiamsha kaspasi-3, na seli hujikata vipande. Hakuna hatua hata moja katika mnyororo huo inayohitaji DNA iwe imenakiliwa. Seli inaweza kufa kwa sababu ya E2F bila kuigusa S kabisa.

Ikifika mbali zaidi, CDK1 ina njia yake. Yoshiyuki Konishi, Azad Bonni na wenzao walionyesha mwaka 2002 kwamba CDK1 hubandika fosfati kwenye protini BAD, mahali paitwapo serini 128. Kwa kawaida ishara za uhai huifunga BAD mbali na mitokondria. Fosfati hiyo ya CDK1 huivunja nguvu kinga hiyo, na BAD huenda kuua. Kimeng'enya ambacho katika seli ya ngozi hutoa amri ya kugawanyika, katika seli ya neva hutoa amri ya kufa.

Wanyama walifundisha nini

Mwaka 1992 makundi matatu yalitengeneza panya wasio na Rb. Vijusi vyao vilikufa takriban siku ya 14 ya mimba, mfumo wa neva ukiwa umejaa seli zilizokuwa zikigawanyika mahali zisipopaswa na seli zinazokufa kando yake. Mwaka huohuo watafiti waliweka antijeni T ya virusi vya SV40, inayoizima Rb, ndani ya seli za Purkinje, seli kubwa za neva za serebela (sehemu ya nyuma ya ubongo), na ndani ya seli za retina zinazopokea mwanga. Badala ya kupata uvimbe wa saratani, walipata seli zilizonakili DNA na kufa. Mwaka 1995 Herrup na Busser waliangalia panya aina ya staggerer na lurcher, ambao seli za neva za serebela hufa kwa kukosa seli za kuungana nazo. Hakuna virusi wala Rb iliyoondolewa, lakini alama za mzunguko zilijitokeza kabla ya kifo.

Kisha yakaja masahihisho ambayo mara nyingi huachwa nje ya maelezo haya. Mwaka 2003 ilibainika kwamba sehemu kubwa ya kifo cha panya wasio na Rb ilitokana na kondo la nyuma lililoharibika. Walipopewa kondo zima, seli nyingi za neva za ubongo ziliingia S isivyopaswa na hazikufa. Kukosa oksijeni ndiko kulikuwa pigo la pili. Mwaka 2007 Itsuki Ajioka, Michael Dyer na wenzao walikwenda mbali zaidi: katika retina ya panya ambaye, katika ukoo mzima wa Rb, aliachiwa nakala moja tu ya ndugu mmoja, p107, seli za neva za mlalo ziligawanyika zikiwa bado na matawi yake na miunganiko yake, hadi zikawa saratani. Seli hizo hazikufa. Anayesema haiwezekani kabisa kwa seli ya neva kugawanyika ana mfano huo wa kujibu.

Retina ya kifaranga inatoa mfano wa kati. Kundi la José María Frade huko Madrid limeonyesha kwamba baadhi ya seli za ganglioni za retina hunakili DNA yake wakati wa kukua, kwa msukumo wa kipokezi p75 na E2F1, kisha hubaki na DNA maradufu na kufanya kazi. Zinaishi kwa sharti moja: BDNF, protini ya kulisha neva kama NGF, huzizuia kuvuka G2. Ukiondoa BDNF, hujaribu kuingia M na kufa. DNA maradufu inavumilika. Jaribio la kugawanyika halivumiliki.

Alzheimer: kifo cha miaka

Dalili ya kwanza ilitoka kwenye tau. Tau hushikilia mikrotubuli, na katika Alzheimer hujaa fosfati, huachia na kujikunja kuwa mafundo. Katikati ya miaka ya 1990 Inez Vincent, Peter Davies na wenzao wa New York waliona kwamba kingamwili TG3, inayoyashika mafundo ya Alzheimer, huzishika pia seli za kawaida zilizo katikati ya kugawanyika. Aina ileile ya fosfati, mahali pawili tofauti kabisa. Baadaye saiklini B, saiklini D na PCNA, protini inayosaidia kunakili DNA, zilionekana kwenye seli za neva za wagonjwa, na mwaka 2003 Yang, Elliott Mufson na Herrup walizikuta hata kwa watu waliokuwa na upungufu mdogo tu wa kumbukumbu. Kwa maneno mengine, mzunguko unaanza mapema.

Kundi la George Bloom katika Chuo Kikuu cha Virginia lilieleza mwaka 2013 jinsi amiloidi na tau zinavyoshirikiana. Vikundi vidogo vya amiloidi, vile vinavyoyeyuka, huwasha kinasi tatu (vimeng'enya vya kubandika fosfati), Fyn, PKA na CaMKII, na kila moja hubandika fosfati yake kwenye tau mahali pake. Tau hiyo ndiyo inayoipeleka seli G1. Seli za panya wasio na tau haziingii kwenye mzunguko hata zikiwekewa amiloidi hiyohiyo.

Kitendawili kiko kwa panya wanaobeba jeni ya binadamu ya amiloidi yenye kasoro. Kwa panya wa aina ya R1.40, alama za mzunguko huonekana wakiwa na miezi 6, kabla amiloidi haijatengeneza madoa. Seli hizo hazifi. Hukaa na DNA iliyonakiliwa kwa miezi, panya anazeeka, na idadi ya seli haishuki inavyotarajiwa. Tunavyoona sisi, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya kauli ya mkato. Kwa kifaranga, M ndiyo iliyoua. Kwa kijusi cha panya, upungufu wa oksijeni. Kwa binadamu mzee, pigo la pili linaweza kuwa oksijeni kali, tau iliyoharibika, mishipa ya damu iliyochoka, au yote kwa pamoja. Kuna pia seli ambazo hazifi wala hazirudi G0: huwasha p16 na p21, hufunga milango na kuzeeka papo hapo, zikitoa kemikali zinazowasumbua majirani.

Parkinson ina picha yake yenye mantiki ileile. Günter Höglinger na wenzake waliripoti mwaka 2007 kwamba seli za dopamini za wagonjwa zina Rb iliyobandikwa fosfati, na kwamba panya wasio na E2F1 hupoteza seli chache kuliko panya wa kawaida wakipewa MPTP, sumu inayoua seli za dopamini.

Makosa yanayotokea kwenye meza ya maabara

Sehemu kubwa ya ubishi katika fani hii haitokani na nadharia, inatokana na vipimo. Kipimo kikuu ni BrdU, kemikali inayofanana na herufi T ya DNA. Panya huchomwa miligramu 50 hadi 100 kwa kila kilo ya uzito, na seli inayonakili DNA wakati huo huimeza. Ili kingamwili iifikie BrdU lazima nyuzi za DNA zitenganishwe. Utaratibu wa kawaida ni asidi ya haidrokloriki ya normali 2 kwa nyuzi joto 37 kwa dakika 30, kisha kuisawazisha kwa bafa ya borati yenye pH 8.5. Asidi ikizidi, alama nyingine za seli huharibika na hujui tena kama uliyoiona ni neva au glia, yaani seli saidizi za ubongo. EdU, kemikali mbadala wa BrdU, haihitaji asidi, na kwa tishu nyembamba tunaipendelea.

Ila kipimo kikiwa safi, tafsiri bado ina mtego. Mwaka 2004 Chia-Yi Kuan na wenzake walionyesha kwamba ubongo uliokosa oksijeni na damu huwa na seli za neva zilizomeza BrdU na ambazo ziko njiani kufa. Anayeziona siku chache baada ya kiharusi anaweza kutangaza kwamba ubongo umezaa seli mpya, kumbe amehesabu maiti watarajiwa. Tiba ya kosa hili ni kutazama tena baada ya wiki nne: seli mpya itakuwepo, iliyokuwa ikifa haitakuwepo. Ongeza alama ya kaspasi-3 kwenye kipande hichohicho.

PCNA nayo peke yake haitoshi, kwani hufanya kazi pia kwenye ukarabati wa DNA. Saiklini D1 huwa kwenye saitoplazimu ya seli nyingi za neva zenye afya; inapaswa kuonekana ndani ya kiini ndipo iwe na maana. Kingamwili za saiklini zina sifa ya kushika vitu vingine, na tishu ya panya asiye na jeni husika ndiyo kinga bora ya kudanganyika.

Ubongo wa mzee una tatizo lake maalumu: lipofusini, taka ya manjano inayojikusanya ndani ya seli za neva kwa miaka na kung'aa yenyewe chini ya hadubini, kwenye rangi karibu zote. Usipoizima kwa rangi ya Sudan Black B, utahesabu taka kama saiklini. Wakati wa kuhesabu nukta za kromosomu, kumbuka kwamba kiini cha seli kubwa ya neva huzidi mikroni 10, hivyo kipande chembamba hukikata na kuficha nukta, na seli ya glia iliyojilaza juu yake huongeza nukta zisizo zake. Ukipima viini kwa mashine ya mtiririko, kwa NeuN (alama ya seli za neva) na DAPI (rangi ya DNA), viini viwili vilivyogandana husomeka kama kimoja chenye DNA maradufu. Lazima vitenganishwe kwa kulinganisha upana wa ishara na eneo lake. Makadirio ya seli zenye DNA maradufu kwenye ubongo wenye afya yamekuwa yakitofautiana sana kati ya maabara, na hatua kama hizi ni sehemu kubwa ya sababu.

Je, mlango unaweza kufungwa tena

Dawa za kuzuia CDK4 na CDK6 zipo. Palbociclib iliidhinishwa Marekani Februari 2015, kwa saratani ya matiti, na abemaciclib ilifuata 2017. Hakuna iliyoidhinishwa kwa Alzheimer, Parkinson wala kiharusi, na mgonjwa asizitafute kwa lengo hilo: hushusha chembe nyeupe za damu, na ubongo ni kiungo kimoja tu kati ya vyote zinavyovigusa.

Ugumu wa ndani zaidi ni wakati. Flavopiridoli ilipunguza uharibifu kwenye ubongo wa panya waliokatiwa damu, kwa sababu katika kiharusi saa ya kuanza inajulikana. Katika Alzheimer haijulikani. Na kuziba G1 mapema mno kunaweza kuinyima seli karakana yake ya DNA. Mwaka 2009 Nicholas Varvel, Herrup, Bruce Lamb na wenzao waliwapa panya wa R1.40 dawa za kawaida za maumivu na uvimbe, ibuprofeni na naprokseni. Walioanza kupewa kabla ya miezi 6 hawakupata alama za mzunguko. Waliopewa baada ya alama kutokea, alama zilibaki. Dawa ilizuia seli mpya zisiingie, lakini zilizokwisha kunakili DNA yake hazikurudi nyuma. Majaribio ya naprokseni kwa wazee hayakuonyesha kwamba inakinga Alzheimer. Seli iliyokwishavuka S ina nakala mbili za kila kitu na haina njia inayojulikana ya kuiondoa ya ziada, hivyo kwa seli hiyo lango la kulinda limebaki moja: lile la kutoka G2 kwenda M, ambalo katika retina ya kifaranga BDNF hulifunga.